Binti wa baroni na cheo cha baba: ni mila ya kale au maneno ya hati tu?

Mleta mada: Wakuu, salaam. Najua wengine mtauliza ya Waingereza yanatuhusu nini. Nivumilieni.

Mwaka 2013 bunge la Uingereza lilibadili sheria ya kurithi ufalme: kwa waliozaliwa baada ya Oktoba 2011, anayetangulia kuzaliwa ndiye anayetangulia kurithi, awe wa kike au wa kiume. Vyeo vya kurithi vya malodi, yaani makabaila kama baroni, havikuguswa. Binti wa kwanza wa baroni akiwa na mdogo wake wa kiume aliye bado kwenye nepi, kwa kawaida cheo ni cha huyo wa nepi. Asipokuwepo kaka, kinamruka binti kinakwenda kwa ami, au kwa mtoto wa ami ambaye pengine hawajawahi kula meza moja. Ibaki hivyo?

Wanaotetea husema ni mila ya kale. Mimi nasema mila yenyewe hawaijui. Baada ya William kuiteka England mwaka 1066, baroni alikuwa mtu aliyeshika ardhi moja kwa moja kutoka kwa mfalme, naye akadaiwa askari wa farasi. Baadaye wafalme wakawa wanawaita watu wa namna hiyo bungeni kwa barua, na ubaroni uliotokana na barua hizo binti anaweza kuurithi hadi leo. Ila wakibaki mabinti wawili au zaidi bila kaka, hakuna mkubwa wala mdogo. Wote sawa, na cheo kinaning'inia mpaka asalie mrithi mmoja au mfalme achague. Ubaroni wa Grey of Codnor ulining'inia tangu 1496 hadi 1989!

Kilichomfungia binti mlango ni hati ya mfalme, ile inayotaja warithi wa kiume peke yao. Baroni wa kwanza kuumbwa kwa hati ni John Beauchamp, mwaka 1387. Mwaka uliofuata alikatwa kichwa, lakini mtindo wa hati ukabaki. Na hati huandikwa atakavyo mfalme: Lodi Mountbatten, aliyekuwa na mabinti wawili tu, yake ilimruhusu binti, na alipouawa mwaka 1979 binti yake Patricia akarithi.

Mzee wa Kumbukumbu: Mkuu, umetupa nusu ya hadithi. Ni kweli mabinti walirithi zamani, lakini walirithi wakauzwa pamoja na ardhi. Isabella alirithi ardhi na cheo cha Gloucester, akaolewa na John kabla hajawa mfalme. John alipotawazwa akamwacha, na mwaka 1214 akamuuza kwa Geoffrey de Mandeville kwa marki 20,000, hesabu ya fedha ya enzi hizo. Mtalaka wake huyo! Haishangazi mwaka uliofuata Geoffrey alikuwa miongoni mwa mabaroni waliomlazimisha John kukubali Magna Carta, hati ya kuyabana madaraka ya mfalme, na humo kuna kipengele kwamba mjane asilazimishwe kuolewa tena. Binti alirithi kwa sababu kupitia kwake mfalme alipata fedha. Usitupambie.

Mchokozi: Mnagombania viti kwenye basi lililokwisha kuharibika. Mwaka 1999 malodi wa kurithi, waliokuwa na viti bungeni kwa cheo chao tu, waliondolewa wakabakizwa 92. Akifa mmoja, walipigiana kura wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 2016 lodi mmoja, Viscount Thurso, aligombea na wenzake sita, wapiga kura jumla yao watatu, akazoa kura zote tatu. Kura za maoni za mtaani kwetu zina watu zaidi. Na wanaouliza yanatuhusu nini, waulize wa Njoro, Kenya: baroni wa tatu wa Delamere alipewa ekari 100,000 pale mwaka 1903. Angekuwa baroni wa kike, mwenyeji aliyepoteza ardhi angepunguza kilio? Futeni vyote.

Mama Tumu: Mchokozi, kufuta ni mjadala mwingine, ufungulie uzi wake. Lady Rhondda alirithi cheo cha baba yake mwaka 1918 kwa hati iliyomruhusu. Akaomba kiti chake bungeni kwa sheria ya 1919 iliyosema mwanamke asizuiwe kushika wadhifa wa umma. Kamati ya malodi ikakubali kwanza, kisha ikaongezwa watu, na mwaka 1922 ikakataa. Amefariki 1958, mwaka uleule sheria ilipowaruhusu wanawake kuingia, tena wa vyeo vya maisha tu, visivyorithiwa. Wa kurithi walingoja hadi 1963. Cheo alikuwa nacho mkononi, kiti wakamnyima. Kwa hiyo mleta mada, tatizo halikuwa hati peke yake.

Mleta mada: Mzee, la Isabella nakubali, nimenyooka. Nilitaka kuonyesha kwamba hakuna mila moja, na wewe umenionyesha kwamba hiyo ya zamani haikuwa ya kujivunia. Mama Tumu, nawe umenibana. Bado nasema sheria ibadilishwe, ila kwa wasiozaliwa bado, kama walivyofanya kwa ufalme.

Mama Tumu: Na dada wa yule wa nepi, ambaye amekwisha kuzaliwa?