Vidudu vinavyoruka kwenye bamia, ni jamii gani hawa?

Bamia_Tupu:
Wakuu, habari za kazi. Bamia zina majani mawili halisi, yote yametobolewa kama yamepigwa marisau. Mdudu ana milimita 3 hivi, kichwa na kifua rangi ya kutu, mgongo wa bluu iliyoiva. Ukisogeza mkono anaruka. Muuza dawa kasema ni vipanzi wa kunyonya, kanipa dawa yao. Nipige?

Lenzi10:
Subiri, mkuu. Kipanzi ananyonya utomvu, hatoboi. Anaacha kingo za jani zimegeuka njano na kujikunja, na hutembea kiubavu. Tundu ni kazi ya mwenye taya. Huyo ni mbawakawa kiroboto, kabila la Alticini, familia ya Chrysomelidae.

Hakikisha hivi: alfajiri, kabla jua halijawachangamsha, kinga beseni jeupe lenye maji ya sabuni chini ya mche kisha utikise. Watie wachache kwenye spiriti ya asilimia 70, uwatazame kwa lenzi ya mara 10. Paja la mguu wa nyuma lazima liwe limevimba kuliko mapaja mengine. Ndani yake mna springi ngumu iliyojikunja. Misuli huikaza, ikiachia mdudu anafyatuka. Akiwa na mdomo mrefu, huyo ni fukusi.

Sukuma_na_Mnavu:
Na wale weusi watupu kwenye sukuma wiki, ndio hao hao?

Lenzi10:
Hapana, na hapa ndipo wengi hukosea. Anayekula bamia, pamba na choya mara nyingi ni Podagrica au Nisotra. Sukuma, kabichi na figili zina Phyllotreta, ambaye huvutwa na ule ukali wa jamii ya haradali. Bilinganya na mnavu, mtafute Epitrix. Ufuta wa Lindi na Mtwara una wake, Alocypha bimaculata. Chaetocnema wengi ni wa nafaka na nyasi, na baadhi hueneza virusi vya manjano vya mpunga, vilivyoonekana kwanza Kenya mwaka 1966.

Ila kutua siyo kula. Mfungie kwenye chupa na kipande cha jani bichi hadi kesho, uone kama kimetobolewa. Spishi yenyewe usiitaje kwa rangi tu; wataalamu humpasua dume watazame kiungo cha uzazi. Andika jina la zao, mahali na tarehe kwenye kichupa, bila hivyo sampuli haina kazi.

Shamba_Darasa:
Kuhusu dawa: mayai hutagwa udongoni karibu na shina, funza hula mizizi, na bundo (hatua kati ya funza na mdudu mzima) hubaki humo humo. Ndiyo maana unapiga leo, baada ya siku chache wamejaa tena. Usipande bamia palipotoka pamba au choya. Neti ya kitalu inasaidia, lakini ukiifunika juu ya udongo wenye mabundo umewafungia ndani na chakula chao.

Mwarobaini: gramu 50 za kiini cha mbegu kilichotwangwa kwa lita 1 ya maji, loweka usiku kucha, chuja, ongeza sabuni kidogo, piga jioni kwa sababu jua huiharibu. Hauangushi mdudu papo hapo, unamkatisha hamu ya kula.

Bamia_Tupu:
Niikinge miche hadi lini?

Shamba_Darasa:
Hadi majani matano. Baada ya hapo mche wenye afya hustahimili matundu.