Tupeane uzoefu: Halloween na watoto huku ughaibuni

MamaPacha (Minneapolis): Jamani tarehe 31 Oktoba ndo hiyo inakuja, wanangu washaanza kunisumbua wanataka kugonga milango ya watu wapewe pipi. Mwaka jana niliaibika, binti nimemvalisha malaika, baridi ikapiga, jaketi likameza mabawa yote, kalia mtaa mzima "mama hawanioni". Nyie mnafanyaje?

Mbongo_Halisi: Kostyumu nunua saizi kubwa, jaketi likae NDANI.

ShangaziWaTanga: Shukuru hukuwepo 1991, wenyeji wa hapo bado wanasimulia, theluji ilianza siku hiyohiyo ikafika inchi 28.

BabaNasri (Columbus): Umenikumbusha mbali dada. Nasri alikuwa na miaka mitano, Spider-Man, kinyago mpaka kidevuni. Giza limeingia, pale kona watoto wamejaa, na Spider-Man wako kama wanne. Nikashika mkono nikaenda. Nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu, namsemesha Kiswahili hajibu, nikajua kanuna tu. Kufika kwenye taa avue kinyago ale pipi, LAHAULA, kazungu kananitazama! Mimi mwanaume mweusi, usiku, Marekani, nimeshika mtoto wa watu. Miguu iliisha nguvu. Nikarudi mbio naye, mama yake analia kule, mimi nalia huku, na Nasri wangu yupo kibarazani kwa bibi mmoja kakaa na bakuli zima la pipi mapajani, wala hana habari.

MamaPacha: 😭😭 mama yake alisemaje??

BabaNasri: Alinikumbatia. Mpaka leo sijui kwa nini.

Mtumishi: Mnapeleka watoto kwenye sikukuu ya mashetani halafu wakipotea mnalia.

ShangaziWaTanga: Mtumishi, si kanisani kwenu mlipanga magari uwanjani mkafungua buti mkagawa pipi? Picha nimeziona, wewe umevaa simba.

Mtumishi: Ile ni sikukuu ya mavuno.

Mbongo_Halisi: Mavuno ya Snickers 😂

DadaWaWodini: Acheni ugomvi. Kinyago hapana, mpake rangi usoni aone magari. Mimi nilikata vipande vya riflekta ya kazini nikashona mgongoni. Nyumba yenye taa ya nje imezimwa pita, hawataki wageni. Ukiona boga la bluu-kijani mlangoni wanagawa na vidude visivyo vya kula. Wangu karanga zinamvimbisha midomo, kwa hiyo hali kitu njiani mpaka nikague nyumbani.

Mbongo_Halisi: Rangi yenyewe ilimtoa mwanangu vipele wiki nzima, bora kinyago. Na kukagua nakagua kwa kula.

MamaPacha: BabaNasri, na mwaka huu?

BabaNasri: Kanzu na kofia ya vito, na bakora. Anasema yeye ni babu yake wa Lamu. Mtaa mzima hakuna mwingine.

ShangaziWaTanga: Na jaketi linaenea ndani! Ila bakora mpunguzie, atawatoa wenzie macho.