Dume mmoja anawafukuza ndege wavumaji wengine

Mpenda Bustani: Habari zenu, ndugu. Nimetundika uani chupa ya maji ya sukari kwa ajili ya ndege wavumaji (hummingbirds, wale ndege wadogo sana wa Amerika wanaofyonza maji matamu ya maua), lakini dume mmoja mwenye koo jekundu hukaa kwenye tawi la karibu na kumshambulia kila anayethubutu kusogea. Nifanye nini ili wengine nao wanywe? Je, nitie rangi nyekundu majini?

Mlisha Ndege: Salaam, ndugu. Analinda riziki yake tu, kwani mwili wa takriban gramu 3, unaopiga mabawa zaidi ya mara 40 kwa sekunde, huteketeza nishati upesi mno. Tundika chupa ya pili nyuma ya kona ya nyumba, mahali asipoweza kuiona akiwa tawini, maana hawezi kulinda pande mbili kwa wakati mmoja. Rangi usitie kabisa; wekundu wa chupa yenyewe unatosha kuwavuta. Changanya sehemu 1 ya sukari nyeupe na sehemu 4 za maji, wala usitumie asali, kwa sababu huharakisha kuota kwa kuvu.

Jirani wa Ndege: Nakubaliana naye, ila naona usafi ndio jambo kubwa zaidi, na asiyeweza kuosha chupa ni afadhali asiitundike. Wakati wa joto, badilisha maji kila baada ya siku 2, na yakianza kuwa na utando yamwage mara moja. Aidha, usinyunyize dawa ya wadudu bustanini, kwani ndege hawa hula pia wadudu wadogo na buibui, hasa wanapolisha makinda.