MREJESHO: Kiwanja cha bustani chenye vigae vya kale

Wakuu, mrejesho kama nilivyoahidi. Niliuliza kama ni lazima wanaakiolojia wakague kiwanja cha bustani ya umma huku kwetu pwani ya kusini, maana mkandarasi alikuwa keshaleta greda na vigae, yaani vipande vya vyungu vya kale, vimezagaa chini ya mibuyu.

Aliyenielekeza kwenye Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, Mungu ambariki. Inalinda majengo na vitu vya kabla ya 1863. Nilipoitaja kwenye kikao cha mtaa, ubishi ukapungua.

Wataalamu wamekuja. Kwanza walitembea kwa mistari, wakiokota na kuweka alama. Kisha wakachimba mashimo ya mita moja kwa mita moja, wakishuka sentimita kumi kumi, udongo wote ukipita kwenye chekecheke. Kigae kimoja nilikishika: shingoni kimechorwa pembetatu zilizojazwa mistari. Mtindo huo ni wa karne ya 7 hadi ya 10, kabla hata ya Msikiti Mkuu wa Kilwa. Watoto wa mtaani nao waliulizia dhahabu tu!

Bustani haijafutwa. Vyoo na mgahawa vinahamia upande wa barabara; penye vigae patabaki nyasi bila kuchimbwa. Mkandarasi kanuna, ila greda limeondoka. Ripoti kamili bado.