Mjadala: Kampuni ya magogo ikiuzwa, mkata miti awe na sauti?

Mtoa mada
Wakuu, kampuni ya kukata miti ikipata mwenye mpya, wanaokaa mezani ni wenye hisa na mawakili wao. Aliyeshika msumeno huletewa habari ikiwa imeshaiva. Mimi nataka sheria iwape wafanyakazi nafasi ya kwanza ya kununua, na mnunuzi yeyote asiguse pensheni yao.

Mfano wangu ni Pacific Lumber ya Scotia, California. Mji mzima ulikuwa mali ya kampuni. Familia ya Murphy ilivuna miti ya redwood kwa kipimo, msitu upate kujirudishia. Ustaarabu huo ndio uliowaponza: miti mingi bado imesimama, madeni kidogo, mfuko wa pensheni umenona, yaani windo tamu kwa mnunuzi. Kati ya 1985 na 1986, Maxxam ya Charles Hurwitz wa Houston ikainunua kwa karibu dola milioni 900, nyingi zikiwa za kukopa kwa hati fungani za hatari kubwa. Deni likalipwa kwa magogo. Kasi ya kukata ikapanda karibu mara mbili. Mpango wa pensheni ukavunjwa, ziada ya zaidi ya dola milioni 50 ikachukuliwa, na mafao ya wazee yakapelekwa kwa bima ya Executive Life. Bima hiyo ikaanguka 1991. Kampuni yenyewe ikafilisika 2007.

Gogo Bichi
Mkuu, umesimulia nusu. Miaka ya mwanzo ya Hurwitz ajira ziliongezeka na saa za ziada zilikuwa tele. Wafanyakazi wengi walisimama na kampuni dhidi ya watetezi wa mazingira. Na hiyo nafasi ya kununua, wapo waliojaribu kuwahamasisha wenzao mwaka 1988 wainunue. Haikufika popote. Mkono mtupu haulambwi.

Mtu wa Chenso
Nimeangusha miti miaka kumi na moja. Kampuni yetu imeuzwa mara mbili na hao wenye mali sikuwahi kuwaona sura. Nilichokiona ni hiki: baada ya mauzo ya kwanza tuliitwa tukaambiwa kuanzia Jumatatu tuko chini ya mkandarasi. Msitu ule ule, msimamizi yule yule, ila chenso (msumeno wa injini) ni yangu, mnyororo wangu, mafuta yangu, hata suruali ya kinga nanunua mwenyewe. Mshahara wa mwezi ukafa, tukalipwa kwa ujazo wa magogo.

Ambaye hajalipwa hivyo hawezi kuelewa. Kabla ya kuangusha mti unatakiwa ufyeke njia ya kukimbilia. Dakika hizo hazina malipo, kwa hiyo unaruka. Mti ukining'inia juu ya mwenzake unatakiwa usubiri mashine iuvute. Unasubiri bure? Unaingia chini yake na chenso. Marekani mwaka 2022 kiwango cha vifo kazini kwa wakata miti kilikuwa kama 100 kwa kila wafanyakazi 100,000, wakati wastani wa kazi zote ni 3.7. Na hao wana mashine kutuzidi.

Karani
Mtoa mada, unamlenga mnunuzi wa jana. Siku hizi ardhi inauzwa peke yake, kiwanda kinabaki. Kampuni ya karatasi ya International Paper iliuza zaidi ya ekari milioni 5 za misitu yake Marekani mwaka 2006. Weyerhaeuser, kampuni ya mbao, ikajigeuza mfuko wa uwekezaji wa ardhi mwaka 2010. Na miongoni mwa wanaoweka fedha kwenye misitu ya aina hii ni mifuko ya pensheni. Yaani pensheni ya mwalimu inadai faida kwa mkata miti asiye na pensheni! Sheria yako itamkamata nani hapo?

Gogo Bichi
Umoja wa Ulaya wana maelekezo ya 2001, yaani sheria inayozibana nchi wanachama: biashara ikihamia kwa mwajiri mwingine, mikataba ya kazi inahama nayo. Lakini zikiuzwa hisa tu, mwajiri kisheria ni yule yule, maelekezo hayahusiki. Ya Maxxam yangepita pembeni.

Mtoa mada
Sawa, nafasi ya kununua naiweka chini, mmenishinda. Pensheni siachii. Naongeza hili: iwe zimeuzwa hisa, ardhi au kiwanda, anayepelekwa kwa mkandarasi aende na mkataba wake kama ulivyo, mshahara wa mwezi ukiwemo, angalau miaka mitatu.

Karani
Mwaka wa nne wote nje, ataletwa dereva mmoja wa mtambo wa kuvuna.

Mtu wa Chenso
Dereva anakaa ndani ya kibanda cha chuma, mti haumwangukii kichwani. Huyo simwonei wivu, namtamani. Kwa sisi wa chini, la mkandarasi ndilo lingenigusa. Ila liandikwe wazi mnyororo unanunuliwa na nani.