Kocha mwenzangu ataka tuunganishe vijana. Nimfungulie daftari?

Kocha_Mambrui
Salaam aleikum wanajukwaa. Mimi ni mwalimu huku Mambrui, jioni nafunza vijana mbio ndefu. Kuna mwenzangu wa Malindi mjini mwenye kundi lake uwanja wa Alaskan, na miaka yote twarushiana vijembe. Vijana wake wakishinda kwenye kaunti, hata muuza mahamri anikumbusha. Sasa amenipigia simu, ataka Jumamosi tukimbize vijana pamoja ufuoni kabla ya mchujo.

Wazo si baya. Nina msichana wa mita 5,000 asiye na wa kumsukuma. Wavulana wamwacha, wasichana awaacha yeye, basi yuko peke yake kama mlinzi wa usiku. Kule kwa yule bwana wako wawili wa kiwango chake.

Taabu ni kuwa aomba pia aone daftari langu: vilima vya mchanga twapanda mara ngapi, wiki ya mwisho napunguza vipi. Na mwaka juzi kijana wangu mmoja aliondoka kimya kimya, nikaja kumwona kavaa jezi ya kwao. Mwaonaje?

Papa_Buntwani
Mpe daftari la 2010. Kwisha.

MkongweWaShela
Kocha, nilikaa Iten kabla ya kurudi Lamu, na nakwambia hilo daftari halina siri. Alfajiri barabara za udongo za kule zimejaa makundi ya makocha mbalimbali, kila mmoja aona mwenzake afanya nini. Alhamisi kwenye fatleki, zile mbio za kupandisha na kushusha kasi, wajiunga watu wa kila kambi. Ukishindwa wabaki nyuma, hakuna akuulizaye umetoka kwa nani. Yule Mtaliano Renato Canova ameandika mazoezi ya wanariadha wake waziwazi mtandaoni, na wakimbiaji hawakumkimbia.

Cha kwako ni jicho. Binti akianza kukunja ngumi na bega moja kupanda, wewe wajua bado raundi mbili achoke kabisa. Hilo huliandiki popote.

Na Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019? Kipchoge alikimbia marathoni kwa 1:59:40 akizungukwa zamu kwa zamu na wadhibiti kasi 41. Alikuwemo Bernard Lagat, walikuwemo ndugu watatu wa Ingebrigtsen kutoka Norwe, ambao wakati huo kocha wao alikuwa baba yao. Kazi ilipokwisha kila mtu alirudi kwa kocha wake, na Kipchoge kwa Patrick Sang yuleyule, Kaptagat.

Binti_Kocha
Ndugu Mkongwe, Vienna hayakuwa mashindano, hata rekodi haikuhesabiwa. Tazama Arthur Lydiard wa Nyuzilandi. Olimpiki ya Roma 1960, vijana wake Peter Snell (mita 800) na Murray Halberg (mita 5,000) walibeba dhahabu siku moja. Baadaye Lydiard akaenda kufundisha Ufini, hakuficha kitu. Haya, fainali ya mita 5,000 Montreal 1976: wa kwanza Lasse Virén wa Ufini, wa pili Dick Quax wa Nyuzilandi. Kwa hiyo ukarimu una bei yake, tusidanganyane.

Mimi singemnyima, lakini ningeuliza jingine kwanza: huyo msichana atafuata filimbi ya nani? Nimemwona binti akipewa raundi ngumu na kocha huyu Jumanne, na kocha yule Jumatano. Mfupa wa muundi ukaingia ufa, msimu ukaishia hapo. Kaeni na mama yake, mkubaliane nani kocha wake na siku gani ni za pamoja. Mambo ya kuhama nayo yasemwe mbele ya mzazi, si kwa kuvizia.

MkongweWaShela
Hiyo ya Quax umenipata. Ila mwaka uliofuata alivunja rekodi ya dunia ya mita 5,000, 13:12.9, kwa hiyo Virén hakumvunja moyo. Filimbi iwe moja, hapo sibishi. Na kocha, hivyo vilima vyako: Percy Cerutty alimpandisha Herb Elliott vilima vya mchanga huko Portsea, Australia, kisha Elliott akachukua dhahabu ya mita 1,500 Roma. Mchanga haujaanzia Mambrui!

Kocha_Mambrui
Nimewasoma, na nimeshaongea naye. Jumamosi vijana wake wavuka daraja la Sabaki kwa matatu, twakimbia maji yakipwa, mchanga ukiwa mgumu, mbali na mdomo wa mto maana tope la pale lateleza vibaya. Wasichana watatu wataongoza kwa zamu, kila mmoja kilomita moja. Wangu hatapewa raundi na mtu mwingine wiki hiyo, na mama yake amesikia kwa masikio yake. Daftari nimemwambia hapana. Akajibu, "Basi na langu silileti." Tumecheka.

Papa_Buntwani
Maji yapwa saa ngapi? Nina kijana wa kuleta.

Kocha_Mambrui
Saa moja kasoro muwe mshafika. Mlete na maji yake ya kunywa, hapa hakuna duka la karibu.