Ngazi ya taulo ya Leeds

Mwana (Leeds, Uingereza): Assalaam alaykum wote, shikamooni wakubwa. Bafu letu linakarabatiwa na fundi anataka jibu kabla ya Jumatatu. Natafuta ile ngazi ya chuma ya kuanikia taulo, inayopata moto. Kuna ya maji ya boila (mtambo unaopasha maji ya hita za nyumba), ya umeme, na ya vyote viwili. Nishaurini jamani, taulo zetu zinanuka uvundo

Mamdogo (Tanga): Marahaba, waalaykum salaam. Kumbe huko taulo zinapikwa 😂 Huku kamba na jua tu

Mwana: Mamdogo, jua lenyewe mwisho wa mwezi wa 11 saa kumi jioni limeshatua 🙈

Kaka Omari (Leicester): Chukua ya kromu, inang'aa kama ya hotelini. Hata bei siyo mbaya

Mjomba (Birmingham): Omari usimponze dada yako. Kromu inatoa joto dogo kuliko nyeupe ya ukubwa uleule. Na ukishaifunika mataulo, chumba hakipati kitu. Mwana, bafuni kuna hita nyingine?

Mwana: Hakuna mjomba. Ile ya zamani ya ukutani inang'olewa, hii ndiyo itashika nafasi yake

Mjomba: Basi tafuta kwanza wati zinazotosha chumba, sura baadaye. Ya boila peke yake, mkizima hita ya nyumba mwezi wa 6 inabaki pambo. Wewe chukua ya vyote viwili. Baridi ikianza inatumia maji ya boila, kiangazi unawasha kijiti chake cha umeme

Kaka Omari: Na bili je?

Mjomba: Kijiti cha wati 150 kwa masaa mawili ni uniti 0.3. Tuseme uniti ni peni 27, hapo ni kama peni 8. Kinachowamaliza watu ni kuiacha inawaka usiku kucha. Weka taima

Mamdogo: Na huyo mjukuu wangu anayetambaa? Si ataishika?

Mjomba: Umesema la maana dada. Penye mtoto mdogo, kile chuma cha chini kabisa kiwe angalau sentimita 60 kutoka sakafuni. Umeme aunge fundi umeme mwenye cheti, na swichi yake ya fyuzi ikae nje ya bafu. Omari asiguse waya 😅

Kaka Omari: Mjomba bado hujasahau ile taa 😂

Bibi (Tanga): 🎤 *"Mjukuu wangu, hilo dude zuri, lakini dirisha mnafungua? Mnaoga maji ya moto, mmejifungia, mvuke utoke wapi? Uvundo huo ni unyevu."*

Mjomba: Mama kamaliza. Mwana, feni ya kutoa hewa inafanya kazi?

Mwana: 😶 Inapiga kelele, tunaizima

Mjomba: Wallahi anzeni na hiyo. Bila feni hata ununue ngazi ya dhahabu, ukungu utarudi. Halafu nipe umbali kati ya yale mabomba mawili ya hita

Mwana: Baba Salma kapima, milimita 450

Mjomba: Katikati ya bomba hadi katikati ya lingine, au ukingo kwa ukingo?

Mwana: Ngoja

Mwana: Amerudi bafuni na futi 😂